Mlango wa Nyuma

Garissa,
22 Septemba 2025

Mwalimu Mbinya,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa sababu siwezi kuongea. Madaktari wameyafunga meno yangu ya juu na ya chini kwa waya, na wanasema yatakaa hivyo wiki sita au zaidi. Ukinipigia simu utasikia pumzi tu. Nilipotoka hospitali Baba alinileta huku kwa shangazi Batulo, kisha akarudi Nairobi kukaa na Yahye. Ndugu yangu bado hajafumbua macho. Barua hii naituma kwa basi, Nerima ataichukua ofisi ya vifurushi Eastleigh akuletee Shauri Moyo.

Ile Jumamosi wewe ulibaki mlango wa mbele, umeuegemea pamoja na wanaume wa sauti ya besi wa kwaya yetu. Hukuona yaliyotokea nyuma ya ukumbi. Nimeona ni haki uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu wa soko.

Tulikuwa tunafanya mazoezi ya zile nyimbo zako saba za kubembeleza watoto, kila moja kwa lugha yake. Nerima alikuwa anamaliza ule wa Kiluhya, na fidla zilikuwa zimeanza kushuka polepole zinipokee kwa Kisomali. Ile sehemu uliyotufanya tuirudie mara thelathini, ukisema mtoto hajali anabembelezwa kwa lugha gani, anajali kama anayembembeleza amechoka. Nilikuwa nimevuta pumzi. Jiwe la kwanza likavunja dirisha.

Tangu vibanda vya mitumba viungue Alhamisi, tulikuwa tumeyasikia maneno: ati Burale ndiye aliyewatuma watu wachome ili achukue viwanja. Baba yangu anauza vitambaa kwa jumla, Mwalimu. Maisha yake yote hajatamani kiwanja cha mtu. Lakini walikuwa wanapiga kelele, "Toeni hao Wasomali wawili, wengine muende nyumbani!" Na wewe ukawajibu, "Hapa hakuna wawili, kuna kwaya." Nilikusikia. Halafu wakawasha tairi mlangoni, moshi ukaanza kuingia.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya mwanao Matheka kutoka nje: "Mlango wa nyuma! Mlango wa nyuma!" Niliijua mara moja. Aliimba nasi miaka mitatu kabla hajaenda kuuza viatu. Nikamshika Yahye mkono, tukakimbia.

Nje walikuwa wanangoja. Kumi na tano, labda ishirini. Sikuona nyuso, niliona mikono. Mmoja alimpokonya Yahye kaban yake, ule udi wa babu yetu, akampiga nayo kichwani mpaka ikabaki shingo na nyuzi. Alipoanguka wakachukua mawe. Yahye hakulia. Alikuwa anasema, "Jamani, jamani," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesukumwa kwenye foleni. Nikamlalia. Nilidhani hawatampiga mwanamke. Nondo ikanipata chini ya sikio. Nilisikia taya likivunjika kabla sijasikia maumivu. Sikumbuki tena. Nerima anasema alinikokota mpaka kibanda cha mtu mmoja wa jua kali, huyo mtu akatufungia ndani, akakaa mlangoni na nyundo.

Mwambie Matheka ahsante. Bila yeye tungechomwa mle ndani. Kwamba wengine walikuwa wamezunguka nyuma, hakujua. Mwambie hakosi hata siku moja kwenye dua zangu.

Mwanafunzi wako,
Hibaq


Shauri Moyo,
30 Septemba 2025

Hibaq mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimeiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, halafu nimeitoa tena.

Nilikwenda kumwona Yahye. Baba yako aliniruhusu nikae karibu na kitanda kwa dakika chache. Kichwa kimefungwa chote, ila vidole vyake havina jeraha hata moja. Nilimwimbia kidogo, muuguzi akaniomba nipunguze sauti.

Kwaya imetawanyika. Tulikuwa arobaini na mmoja. Jumamosi iliyopita walikuja kumi na wanne, tukakaa kwenye ua wa kanisa maana ukumbi una harufu ya mpira na mlango hauna. Wapiga fidla wawili walisema wazazi wao wamewakataza. Tulijaribu ile sehemu ya Kilatini tukaiacha katikati. Onyesho la Novemba nimeliahirisha.

Salamu zako kwa Matheka nimezipata. Hayuko vizuri. Kibanda chake cha viatu nacho kiliungua ile Alhamisi, unajua, na alikuwa amekijenga kwa mikono yake. Amekwenda Njiru kwa dada yangu apumzike.

Nina swali moja, na usilichukulie vibaya. Ile sauti, uliisikia tu, au ulimwona uso? Na una hakika alikuwa anawaambia ninyi?

Kunywa uji hata kama huna hamu. Mfupa haushiki bila chakula.

Mwalimu wako,
Mbinya


Garissa,
8 Oktoba 2025

Mwalimu,

Yahye amefariki. Jumapili alfajiri. Walimzika siku hiyo hiyo Kariokor kabla ya adhuhuri, na mimi nikiwa huku Garissa, kilomita zote hizo, mdomo umefungwa. Shangazi Batulo alinishika akaniambia lia, mwanangu, lia. Unalijua jambo la kulia bila kufungua mdomo? Linaingia puani na kooni. Nilidhani nitakufa nimekaa. Walitafuta mkasi wa kukatia waya, kisha nikatulia mwenyewe, wakauweka.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Aliniambia kazi yako ya nyimbo saba ingesafiri, kwamba siku moja tungeziimba mahali ambapo hakuna anayejua hata lugha moja kati ya hizo, na watu wangesinzia tu kama watoto. Alikuwa anacheka akisema hivyo.

Unauliza kama nilimwona Matheka uso. Sikumwona. Lakini miaka saba umenifundisha kusikiliza, Mwalimu. Ukinifumba macho nitakutajia kila mtu wa kwaya kwa kukohoa kwake. Ilikuwa sauti yake.

Na sasa tunamhitaji. Polisi wanasema hakuna shahidi, watu wote wa pale nyuma ati walikuwa wamekwenda msikitini, wamekwenda kanisani, wamekwenda choo. Matheka alikuwa nje. Aliwaona. Binamu yangu Hanad amefika kutoka Wajir na hali chakula wala halali usingizi. Nimemwandikia nikamwambia amtafute Matheka huko Njiru, amwulize kwa adabu, maana huyo ndiye mtu pekee upande ule aliyetutakia mema.

Nataka majina yao. Zamani nilidhani mimi ni mtu mpole. Kumbe nilikuwa sijaguswa.

Hibaq


Shauri Moyo,
13 Oktoba 2025

Hibaq,

Pole. Sina neno lingine, na hili lenyewe naliandika kwa aibu.

Nakuomba, mwambie Hanad asiende Njiru. Matheka hayuko huko tena, amepata kibarua Mombasa. Hakuona kitu. Nimemwuliza, hakuona kitu. Waachie polisi. Nakuomba kama mama.

Mbinya


Garissa,
24 Oktoba 2025

Mwalimu,

Barua yako ilichelewa, Hanad alikuwa amekwishakwenda. Na Matheka alikuwepo Njiru, hajaenda Mombasa. Labda alikudanganya usimhangaikie.

Hanad anasema alimkaribisha vizuri, wakanywa chai. Mwanzoni alikataa kusema. Alikuwa anaangalia mlango tu. Hanad akamwambia, "Ndugu yangu, dada yetu anakuombea kila siku. Tupe jina moja tu." Akalia. Halafu akalitoa: Nzembi, fundi wa mageti pale nyuma ya ukumbi. Ati ndiye aliyekuwa na nondo.

Jumatatu mchana Hanad na wenzake wanne walimkuta huyo Nzembi kazini kwake. Waliishikilia mikono yake juu ya chuma chake mwenyewe, ile fuawe anayofulia vyuma, wakaiponda kwa nyundo yake. Kidole kwa kidole, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Alikuwa anaapa kwa jina la mama yake kwamba hakumgusa mtu. Hanad ananiambia alipoulizwa mara ya mwisho alisema tu, "Nina watoto," akazirai.

Nitakuambia ukweli kwa sababu sijawahi kukudanganya. Nilipoisoma barua ya Hanad nilifurahi. Nilikwenda dirishani nikasimama, na kwa mara ya kwanza tangu Yahye afe nikanywa maziwa kikombe kizima.

Mshukuru Matheka kwa niaba yangu.

Hibaq


Shauri Moyo,
31 Oktoba 2025

Hibaq,

Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto. Nitaeleza.

Nzembi ndiye aliyefungua kibanda chake Nerima alipokuwa anakukokota, akakubeba ndani. Ni yeye aliyekaa mlangoni na nyundo. Walimtupia mawe, akawaambia, "Anayetaka kuingia aje." Ana kovu la siku ile kwenye paji la uso. Mtu aliyekuponya ndiye Hanad aliyemponda mikono, na mtu aliyewaelekeza kwake ni mwanangu.

Sasa nisikilize mpaka mwisho, kisha uichome barua hii ukitaka.

"Mlango wa nyuma." Mimi pia nilimsikia. Nilikuwa nimeegemea mlango wa mbele, yeye akapita nje karibu yangu kabisa, anakimbia. Nilidhani kama ulivyodhani wewe. Nikasema moyoni, Mungu asifiwe, amekuja kutusaidia. Lakini alikuwa hawaambii ninyi. Alikuwa anawaambia wao. Aliujua ukumbi ule kuliko wote, alijua mlango wa nyuma unafungukia wapi.

Alikuja nyumbani saa kumi na moja. Koti lake la jinzi lilikuwa na damu mpaka kwenye kiwiko, na nywele ndefu moja imenata kwenye kifungo. Nikamwuliza, "Umefanya nini?" Akasema, "Mathe, usiniulize." Sikumwuliza tena. Nilichemsha maji, nikaweka chumvi na sabuni, nikalifua koti kwa mikono hii. Nilibadilisha maji mara nne. Halafu nikavaa kitambaa kichwani nikaenda hospitali kuulizia hali yako.

Kwa hiyo ulipoandika kumshukuru, nilijua. Nilipokuuliza kama ulimwona uso, nilikuwa napima kama mwanangu yuko salama. Nilipokaa kitandani kwa Yahye nikamwimbia, nilijua. Mombasa ilikuwa uongo wangu, si wake.

Jumanne alikuja nyumbani kuchukua nguo. Nerima alikuwa ameniambia habari za Nzembi asubuhi ile. Nilifunga mlango nikamwuliza Matheka yote. Akaniambia, "Kila kitu changu kiliungua, Mathe. Kila mtu alikuwa anasema ni mzee Burale." Nikamwuliza, "Na Hibaq?" Akasema, "Alijirusha hapo kati. Mimi nilikuwa nalenga brathe yake, Yahye."

Alisema hivyo. Nondo ilikuwa mkononi mwake.

Nikamwambia naenda polisi. Akanishika mkono wa kulia, akaupinda juu ya ukingo wa meza, akasema, "Sema huendi." Sikusema. Akaegemea kwa uzito wake wote mpaka mfupa ukatoka nje ya ngozi. Halafu akaketi sakafuni akalia kama alivyokuwa akilia mdogo, ananiita. Hibaq, nataka ujue jambo hili, maana ndilo linalonitisha: nilitaka kumbembeleza. Mkono unaning'inia, damu inatiririka kwenye vigae, na mimi nilitaka kuketi pale chini nimbembeleze.

Nikafungua mlango nikatoka. Majirani walinipeleka hospitali, kutoka hospitali nikaenda kituoni na Nerima. Nimeandikisha yote, na koti, na chumvi. Wamemkamata jana Njiru. Mimi mwenyewe wanaweza kunishtaki kwa kuficha ushahidi, na wakinishtaki nitakubali.

Siombi msamaha. Ningekuambia ile siku ya kwanza, Nzembi angekuwa na vidole.

Mbinya


Garissa,
19 Novemba 2025

Kwa Mwalimu Mbinya,

Nimeandika barua sita nikazichana. Moja ilikuwa na matusi ya Kisomali tu, usingeyaelewa, na nilitaka uyaelewe.

Waya zilitolewa wiki iliyopita. Mdomo unafunguka upana wa vidole viwili. Daktari aliniambia niseme neno lolote. Nilikuwa nimepanga liwe jina la Yahye. Likatoka jina la Nzembi, na hata sijawahi kumwona huyo mtu macho yakiwa wazi.

Kwa siku tatu sikumwambia Hanad chochote. Nilijua nikimwambia atafanya nini: angemngoja Matheka pale mahakamani na kisu, na kama si yeye basi wewe. Siku ya nne nilimpigia Baba. Sauti yangu haikueleweka, ikabidi shangazi Batulo anisaidie kusema. Baba akauliza tu, "Huyo fundi ana watoto wangapi?" Ni watano. Siku hiyo hiyo alikwenda hospitali kwa Nzembi. Mkewe alimmwagia maji machafu ya kunawia, Baba akasimama hapo hapo yakimchuruzika mpaka akaruhusiwa kuingia.

Nami nimekwenda kituo cha polisi hapa Garissa. Nimetoa barua za Hanad. Nimewaambia ni mimi niliyemtuma Njiru na ni yeye aliyevunja mikono ya mtu. Amekamatwa. Nusu ya ukoo hawaniamkii. Mjomba mmoja aliniuliza inakuwaje namtoa damu yangu kwa ajili ya fundi wa mageti. Nilimjibu nikashindwa kumaliza, taya likaniuma.

Usilifasiri hili kuwa nimekuiga. Usilifasiri kuwa nimekusamehe. Ulikuwa unanifulia damu yangu kwenye karai na huku unaniandikia ninywe uji.

Nitakuja kutoa ushahidi. Mahakamani usinisogelee.

Hibaq Burale


Shauri Moyo,
16 Januari 2026

Hibaq,

Nitaandika machache, na huna haja ya kujibu.

Nilikuona kizimbani. Nilikaa mbali kama ulivyotaka. Wakili alipokutaka urudie ile sauti, nikakusikia ukiitoa vile vile, ile kasi yake na ile namna yake ya kuvuta neno la mwisho, nikamwona Matheka akijifunika uso. Baada ya hapo ndipo alipomwambia wakili wake kwamba anataka kukiri. Kama hukujua, ujue ni wewe uliyemfikisha hapo, si mimi.

Kwaya sasa ni ya Nerima. Nimempa karatasi zote za nota, lugha zote saba. Mkono umeunga vibaya, haunyanyuki juu ya bega, lakini hata ungenyanyuka nisingesimama tena mbele yao. Wamerudi thelathini na mmoja. Mama wa mmoja wa wale wapiga fidla ndiye aliyemleta mwenyewe, akakaa kwenye kiti mlangoni mazoezi yote, mkoba magotini.

Nerima anasema hawana mtu wa Kisomali. Ameniomba nikuandikie. Nimemwambia sina uso wa kukuomba kitu. Kwa hiyo sikuombi. Nakujulisha tu.

Naenda gerezani kila mwezi. Ni mwanangu. Sikuelezi ili unihurumie, nakueleza kwa sababu nimechoka kukuficha mambo.

Mbinya


Eastleigh,
20 Aprili 2026

Mwalimu,

Matheka amepewa miaka kumi na minane, Hanad mitano. Hayo unayajua. Wengine watatu kesi yao bado. Nilidhani siku ya hukumu ningehisi kitu. Nilihisi njaa.

Nakuandikia kuhusu Jumamosi. Nerima alipata ukumbi mtaa wa Fedha, mbali na soko, na askari wawili getini. Baba alikuja. Sikuwa nimeahidi kuimba. Sauti yangu ya juu imekwenda, Mwalimu, imekatika kama kamba, iliyobaki ni ya chini na ina mchanga ndani. Nilikwenda nikiwa nimeamua kukaa tu na kusikiliza.

Wakaanza na Kikamba, wakapita Kijaluo, wakaingia Kiluhya. Nerima aliongoza na huku anaimba. Fidla zikaanza kushuka. Zikafika pale pangu, zikakuta hakuna mtu. Hazikunyamaza. Zilirudia zile zile nota nne, zikarudia tena, na Nerima hakugeuka kuniangalia, alikuwa anaangalia tu nota zake. Nikasimama kutoka nilipokuwa nimekaa, katikati ya watu. Niliimba chini kabisa, nadhani hata mtoto angeogopa kubembelezwa hivyo. Palipokuwa na sehemu ya kaban ya Yahye waliacha kimya. Ni kirefu, kile kimya. Mtu mmoja alidhani tumesahau, akapiga makofi, akanyamazishwa.

Nzembi alikuwa safu ya pili na mkewe. Mikono imelala mapajani, vidole vimepinda kila kimoja upande wake. Tulipomaliza watu wote walisimama wakapiga makofi. Yeye hawezi. Akaanza kupiga mguu sakafuni. Mguu mmoja, polepole, kiatu kizito cha kazini, anaangalia mbele. Mkewe alimwekea mkono gotini kumzuia, akaendelea. Niliusikia ule mguu juu ya makofi yote. Nilimfuata baadaye, naye akasema, "Umekonda. Siku ile ulikuwa mzito." Basi.

Nerima ameniambia kwamba wewe ulikaa nje kwenye ngazi tangu mwanzo mpaka mwisho, na ulipowasikia watu wakitoka ukaondoka.

Tunaimba tena mwezi wa sita. Ingia ndani. Kaa safu ya mwisho, na usinisemeshe. Sijafika huko. Lakini ingia.

Hibaq